Hesabu Milango Kwanza

Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Hakuhitaji kulinda pori zima la Unyamwezi. Misafara ilifuata maji, chakula na vijiji, basi aliyeshika mapito machache alikuwa ameishika njia yote. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azungukie kusini. Anayeanza kujifunza usalama wa Linux aanzie hapo, wala asikimbilie programu za kunasa virusi. Seva nayo ina mapito yake, na yanahesabika.

Mapito hayo ni poti. Amri ya sudo ss -tulpn huonyesha kila poti inayosikiliza na programu iliyo nyuma yake. Utaikuta 22 ya SSH, ambayo unaihitaji ili kuingia kwenye seva ukiwa mbali, na pengine 3306 ya MySQL ikisikiliza kwenye 0.0.0.0, yaani anuani zote za mashine, ilhali anayeitumia ni tovuti iliyomo humohumo ndani. Irudishe kwenye 127.0.0.1, yaani ndani ya mashine yenyewe tu. Kisha ukuta wa moto: kwenye Ubuntu, ufw huja imezimwa. Kataa yote yanayoingia, ruhusu OpenSSH, ndipo uiwashe. Ukiiwasha kabla ya kuruhusu, umejifungia nje. Na kama seva iko Dar es Salaam nawe uko Tabora, kakate tiketi ya treni.

Wapo watakaouliza nani anaitaka seva ya duka dogo la Tabora. Swali hilo linadhani mvamizi huchagua. Fungua /var/log/auth.log uone majina ya root na admin yakijaribiwa usiku kucha: ni programu zinazobisha hodi kila anuani, bila kujua mwenyewe ni nani.

Hoja nzito zaidi ni kwamba ukuta hautoshi, na ni kweli. Ngome ya Mtemi Isike pale Tabora ilihimili mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1892. Januari 1893 waliingia, naye Isike akalipua ghala la baruti akiwamo ndani. Ukuta ulimnunulia miezi, haukumnunulia ushindi. Kwenye Linux baruti ni root: anayeipata ana mashine yote. Kwa hiyo tumia ufunguo wa SSH badala ya nenosiri, kisha katika sshd_config weka PermitRootLogin no na PasswordAuthentication no. Ukishaipakia upya huduma ya SSH, usifunge dirisha ulilomo kabla hujafungua la pili na kuingia salama.