Heko kwa Walimu wa Ngumbaru

Lunga Lunga ni mji wa Kenya ulio mpakani, na maisha ya mpakani yamejaa karatasi: kitambulisho, fomu ya uhamiaji, risiti ya forodha kwa anayevuka kwenda Horohoro, upande wa Tanzania. Asiyejua kusoma humtegemea mtu mwingine kila hatua. Ndiyo maana nawapongeza kwa dhati walimu wa elimu ya watu wazima, yaani ngumbaru, kazi iliyoundiwa idara yake mwaka 1979, serikali ilipoanzisha kampeni ya kufuta ujinga.

Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti, navyo husikika sana majukwaani. Ngumbaru hutajwa kwa nadra. Mwalimu wake husubiri alasiri, akina mama watoke shamba, kisha huwaamkia wanafunzi wake shikamoo kabla ya kuwafundisha. Mkono uliozoea jembe hukandamiza penseli hadi ncha ikavunjika. Mwalimu huichonga tena, bila kukaripia. Hatimaye bibi husoma mwenyewe ujumbe wa M-Pesa, wala hampi mtu namba yake ya siri.

Serikali iwaajiri walimu wa muda kwa mkataba unaoeleweka, na iwalipe kwa wakati.