Nani Anasomewa? Sarufi ya Uwajibikaji na Makaa ya Mawe ya Ngaka

Kitenzi -wajibika kimejengwa juu ya nomino wajibu, kwa njia ileile ambayo huzuni imezaa -huzunika na shughuli ikazaa -shughulika. Vitenzi vya jamii hii vina tabia moja inayofahamika vema kwa wanasarufi: vinaeleza hali ya mtenda bila kudai yambwa. Anayehuzunika amehuzunika, hata kama hakuna wa kumwona. Vivyo hivyo, anayewajibika anaweza kuwajibika peke yake, ndani ya nafsi yake, pasipo mtu wa pili. Sifa hiyo isingekuwa na uzito nje ya darasa la mofolojia kama kitenzi hiki kisingekuwa mzizi wa istilahi kuu ya harakati za asasi za kiraia nchini Tanzania. Kwa zaidi ya miongo miwili, uwajibikaji ndilo neno lililoandikwa kwenye vijitabu, mabango, fulana na ripoti nyepesi za bajeti ili kumhimiza mwananchi aidai serikali yake hesabu. Mwananchi amepewa neno ambalo kisarufi halimhitaji.

Hoja hii haina maana kwamba neno ni kosa. Uwajibikaji limeshakubalika na hakuna atakayeling'oa. Linalohitaji uhakiki ni kazi ambayo limepewa na mahali linapokwama. Wilaya ya Mbinga, hasa bonde la Ngaka, ni mahali pazuri pa kupima jambo hilo, kwa kuwa huko neno lilelile hutumiwa na pande mbili zenye masilahi tofauti.

Kabla ya kufika huko, historia fupi ya kitenzi chenyewe inafaa. Katika siasa za Tanzania, kuwajibika kulipata maana mahususi mapema: kujiuzulu. Mfano unaorejelewa zaidi ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kufuatia vifo vya watu mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa yeye binafsi hakuhusika. Maana hiyo ilirudi kwa nguvu Februari 2008, pale Edward Lowassa alipoacha uwaziri mkuu kutokana na ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa Richmond. Katika mifano yote miwili, kuwajibika ni tendo la heshima la mtu mmoja: anaondoka. Haimlazimu aeleze fedha zilikwenda wapi. Usemi “waziri awajibike” huonekana kuwa mkali, lakini unaweza kutimizwa kwa barua ya aya mbili. Hata umbo la kusababisha, -wajibisha, ambalo lina yambwa na lingeweza kuziba pengo hilo, limevutwa na maana hiyohiyo; kumwajibisha mtu katika matumizi ya sasa ni kumfukuza au kumwadhibu. Kudai maelezo na kutoa adhabu ni mambo mawili, na Kiswahili cha siasa kimeyafunga katika furushi moja.

Asasi za kiraia zimewahi kuonyesha kwamba zinaweza kupambana na neno na kulishinda. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura. Neno lilichaguliwa kwa ustadi. Lina asili ya Kiarabu, lina harufu ya adabu na ugeni, na halina ndani yake dalili yoyote ya anayepewa wala ya anachotarajiwa kurudisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA walifungua shauri Mahakama Kuu, na Aprili 2006 Mahakama ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Ukitazama kiisimu, walichofanya mawakili ni kuvirudishia vitenzi washiriki wake: nani anampa nani, lini, ili apate nini. Maswali hayo yalipojibiwa, takrima ikasomeka kama hongo. Ni jambo la kushangaza kiasi kwamba uwanja uliopata ushindi huo umeendelea kuandika Kiswahili chenye kuwaficha washiriki kwa namna ileile.

Sasa Ngaka. Makaa ya mawe ya bonde hilo, katika kata ya Ruanda, yanachimbwa tangu mwaka 2011 na kampuni ya TANCOAL, iliyoundwa mwaka 2008 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa lenye asilimia 30 na mbia kutoka Australia mwenye asilimia 70. Kijiji kilicho karibu zaidi na shimo ni Ntunduwaro. Serikali ilipozuia uagizaji wa makaa kutoka nje mwaka 2016, viwanda vya saruji viligeukia Ngaka. Mzigo husafiri kwa malori, na njia nyingine inashuka hadi bandari ya Ndumbi kwenye Ziwa Nyasa, ambayo iko katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Serikali hapo ni mbia, mtoza mrabaha na msimamizi kwa wakati mmoja. Halmashauri nayo ina haki ya ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo, kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa.

Katika mazingira hayo, neno uwajibikaji humfikia mwanakijiji kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa asasi, kupitia mbinu iitwayo ufuatiliaji wa uwajibikaji jamii. Maandishi mengine huiita ufuatiliaji wa uwajibikaji kwa jamii, na hata ndani ya asasi moja tahajia hizo hupishana. Mlango wa pili ni wa kampuni. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii inayozunguka mgodi, na mpango huo ukubaliwe na serikali ya mtaa husika. Kwa Kiswahili jambo hilo huitwa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Tofauti iliyobaki kati ya dhana mbili zinazokinzana ni kiunganishi kimoja, kwa, na hicho chenyewe huwekwa na kuondolewa kiholela.

Ugumu wa kwa si mdogo. Kiunganishi hiki hubeba angalau mahusiano matatu pamoja na -wajibika: kuwajibika kwa wananchi (mbele yao), kuwajibika kwa kosa (kwa sababu yake) na kuwajibika kwa kujiuzulu (kwa njia hiyo). Kampuni inaposema inawajibika kwa jamii, uhusiano wa nne unaingia, ule wa kufaidisha: madawati, mifuko ya saruji, bati za zahanati. Msikilizaji wa Ntunduwaro ana kila sababu ya kisarufi ya kuelewa kwamba uwajibikaji ni kitu kinacholetwa na gari na kupigiwa makofi. Mwezeshaji wa asasi anapokuja wiki ifuatayo kuhimiza uwajibikaji, swali la halali ni kama naye ameleta chochote. Kumlaumu mwanakijiji kwamba hana uelewa, jambo ambalo ripoti za miradi hupenda kulifanya, ni kuhamisha kasoro ya istilahi na kuitwika kichwani pa msikilizaji.

Tena si uwajibikaji pekee. Asasi zinazoshughulikia madini, mafuta na gesi zimelea neno uziduaji, ambalo limefika hadi kwenye jina la jukwaa lao la kila mwaka. Faida yake ni kwamba linakusanya gesi na mafuta, vitu ambavyo havichimbwi kwa sururu. Hasara yake ni kwamba aliyeishi kando ya shimo la makaa ana neno uchimbaji, na hana haja ya jingine.

Hata hivyo, Kiswahili cha vijijini kina namna yake ya zamani ya kutaja jambo linalotafutwa, nayo haihitaji semina: kusomewa mapato na matumizi. Malalamiko ya kawaida kabisa katika mkutano mkuu wa kijiji, kutoka Mbinga hadi Mbulu, ni kwamba wanakijiji hawajasomewa mapato na matumizi. Umbo la kitenzi linastahili kutazamwa kwa makini. Som-e-w-a lina kauli ya kutendea na kauli ya kutendwa kwa pamoja. Kauli ya kutendea inaingiza mlengwa. Kauli ya kutendwa inamkweza mlengwa huyo na kumfanya kiima. Matokeo yake ni sentensi ambayo mwananchi ndiye kichwa chake, hesabu ndiyo yambwa yake, na msomaji, hata asipotajwa, lazima awepo, kwa sababu hakuna kusomewa pasipo msomaji. Washiriki watatu wamo ndani ya neno moja. Zaidi ya hayo, tendo lenyewe ni la wazi na la wakati maalumu: ama hesabu zimesomwa ama hazijasomwa. Sheria inataka mkutano huo ufanyike kila baada ya miezi mitatu, hivyo mwanakijiji anajua pia lini pa kuanza kulalamika. Uwajibikaji hauna tarehe.

Inashangaza, basi, kwamba machapisho yanayokusudiwa kwa msomaji huyohuyo huacha kitenzi hiki na kuandika kwamba “uwajibikaji uimarishwe”. Sababu moja iko wazi: machapisho mengi huanzia katika pendekezo la mradi lililoandikwa kwa Kiingereza, na uwajibikaji ndilo neno linalolingana na kichwa cha pendekezo. Sababu ya pili inahusu ukubwa wa jambo. Kusomewa mapato na matumizi ni msamiati wa kijiji, nao unaishia kwenye mpaka wa kijiji. Ushuru wa huduma haumo katika daftari la Ntunduwaro. Umo katika vitabu vya halmashauri. Mrabaha umo Hazina. Gawio la mbia wa umma limo katika mizania ya shirika. Makaa yakipita kuelekea Ndumbi yanapita mpaka wa wilaya pia. Hakuna mkutano mkuu unaoweza kumwita kwa pamoja kila aliyepokea fedha. Hapo ndipo asasi zilipaswa kuingia, kukipandisha kitenzi -somewa kutoka kijijini hadi halmashauri na hadi Bungeni. Badala yake zilishusha nomino kutoka juu.

Kwamba sarufi ya namna hii ina gharama katika ngazi ya taifa kulionekana mwaka 2019. Ripoti za ukaguzi wa hesabu za serikali zimejaa nomino udhaifu, na kwa kawaida hufuatwa na katika: udhaifu katika mifumo ya udhibiti wa ndani, udhaifu katika ukusanyaji wa mapato. Katika hutaja mahali na haimtaji mwenye kitu. Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alipohojiwa na idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa kuhusu ripoti ambazo hazifanyiwi kazi, alitumia nomino ileile kwa kuihusisha na Bunge lenyewe. Aliitwa mbele ya kamati ya maadili Januari 2019, na Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Utetezi wake kwamba udhaifu ni neno la kawaida katika lugha ya ukaguzi ulikuwa sahihi kimsamiati. Kilichobadilika kilikuwa kihusishi. Udhaifu uliokaa katika mifumo kwa miaka haukumuudhi yeyote. Ulipopata mmiliki kwa kiunganishi wa, ukawa dharau. Wanaoandika ripoti nyepesi za ukaguzi kwa ajili ya wananchi wangefaa kuhesabu ni mara ngapi katika inafanya kazi ambayo wa ingeifanya.

Mbinga ina mfano mwingine, ulio nje ya Kiswahili. Wamatengo wana sengu, desturi ya wana wa ukoo kula pamoja kwa mzee na kujadili mambo yao hapohapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani walipoendesha mradi wa maendeleo vijijini wilayani humo kuanzia mwaka 1999, walilichukua jina hilo na kuliita kamati. Haifai kuipamba sengu kupita kiasi. Ilikuwa chini ya mamlaka ya wazee wanaume, na mgeni hakuwa na sauti humo. Kamati iliyobeba jina lake haikuwa sengu yenyewe. Lakini kisemantiki neno hilo linataja kikao, na kikao hakiwi cha mtu mmoja. Kosa lake ni kinyume cha kosa la uwajibikaji: linamwita kila aliyemo na kumfungia nje asiyekuwamo, ilhali uwajibikaji hauwafungii watu nje kwa sababu haujamwita yeyote.

Swali hili sasa limetoka mikononi mwa asasi na kuingia katika kazi ya tafsiri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza, ile ya madini ikiwa mojawapo, zinahitaji matini ya Kiswahili. Mfasiri wa kifungu cha 105 atalazimika kuchagua. Akiandika kwamba mwenye leseni “atawajibika kwa jamii”, atakuwa amekipitisha kiunganishi chenye maana nne katika matini ya sheria. Akiandika kwamba jamii itasomewa mpango pamoja na gharama zake katika mkutano wa kijiji, atakuwa ameongeza sharti ambalo Kiingereza cha kifungu hakina, na mfasiri hana mamlaka hayo. Mwenye mamlaka hayo ni Bunge.