Pongezi kwa Wanaofundisha Kutembea Upya

Kiharusi kikimwangusha mtu hapa Kicukiro, Kigali, madaktari wa hospitali ya Kanombe au ya Masaka huokoa uhai wake. Kumrudisha kwenye miguu yake ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, na ndiye ninayempongeza. Wengi wa wataalamu hawa walisomea Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013.

Ninachowaheshimia zaidi ni kwamba hufundisha nyumba nzima. Mke huonyeshwa jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Sisi marafiki hukatazwa kumvuta kwa mkono uliopooza, maana bega lililolegea huteguka upesi, na huambiwa tumwache afunge vifungo vya shati mwenyewe, hata akikawia. Hilo ni gumu kwetu tuliolelewa kumfanyia mgonjwa kila kitu! Lakini ubongo hujifunza upya kwa kurudia tendo lilelile, siku baada ya siku.

Kama una rafiki aliyepatwa na kiharusi, usiishie kumpelekea matunda. Muulize mtaalamu wake zoezi la wiki hii, mlifanye pamoja, na mkewe apate kulala kidogo.