Faili Namba 291 na Tarakimu 48

Unabonyeza kitufe, nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka kidogo, halafu skrini yote inageuka bluu. Maandishi yanasema kompyuta imepata tatizo na inabidi iwashwe upya. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna jina la draiva: csagent.sys. Mashine inajizima, inajiwasha, vidoti vinazunguka, bluu tena. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 hali hiyo ilizikumba kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Kituo cha Sky News cha Uingereza kilishindwa kurusha matangazo ya moja kwa moja asubuhi hiyo. Shirika la ndege la Delta la Marekani lilifuta safari zipatazo 7,000 ndani ya siku tano.

Sasisho lililoleta balaa hilo lilitoka kwa CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayouza Falcon, programu ya kulinda kompyuta dhidi ya wadukuzi. Lilitumwa saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Saa 2:27 kampuni ikawa imeshaliondoa na kuweka lililo sawa. Dakika 78 tu, na kwa kugundua kosa na kulirekebisha, hizo ni dakika chache. Nimeona watu wakichukua siku nzima kukubali tu kwamba kosa lipo. Lakini ilipofika tarehe 29 Julai, siku ya kumi, ndipo kampuni ilipoweza kusema kwamba karibu asilimia 99 ya mashine za Windows zilizokuwa hewani kabla ya ajali zimerudi. Mimi ni fundi wa kompyuta, na pengo hilo kati ya dakika 78 na siku kumi ndilo ninalotaka tulitazame, kwa sababu kila sasisho linalokwama, hata kwenye laptopu moja ya duka la vifaa vya ujenzi, lina pengo la namna hiyo ndani yake.

Tuanze na kosa. Falcon hupokea vitu vya aina mbili. Kuna programu yenyewe, ambayo hutoka kwa matoleo, na mteja aliruhusiwa kubaki nyuma toleo moja au mawili mpaka aone wenzake wamesalimika. Kisha kuna mafaili madogo ya maelekezo, yanayotumwa mara kwa mara kuiambia programu iangalie mbinu gani mpya ya uvamizi. Haya ya pili yalikwenda kwa wote kwa wakati mmoja. Meneja wa mifumo aliyejihadhari, akachagua kubaki matoleo mawili nyuma, alilipata faili bovu la siku hiyo, namba 291, dakika ileile na asiyejihadhari. Hapo ndipo ninapowaonea huruma wenzetu: walifunga mlango wa mbele, mgeni akaingia kwa dirisha ambalo hawakuwa na komeo lake.

Ndani ya faili hilo mlikuwa na maelekezo ya kuchunguza jinsi programu za Windows zinavyozungumza zenyewe kwa zenyewe. Kigezo chake kilikuwa na nafasi 21 za taarifa, lakini msimbo uliokuwa ukileta taarifa hizo ulileta 20 tu. Ni kama karani mwenye fomu ya maswali 21 na mwombaji aliyekuja na majibu 20. Kigezo hicho kiliingia kwenye programu mwezi Februari 2024, na kwa miezi kadhaa hakuna kilichoharibika, kwa kuwa kwenye swali la 21 maelekezo yote yaliyotumwa yalisema “chochote kile kinafaa”, na karani hakuwa na haja ya kulitazama jibu. Tarehe 19 Julai yakaja maelekezo ya kwanza yaliyotaka jibu mahususi la swali la 21. Programu ikanyoosha mkono kwenye kumbukumbu ya mashine kuchukua kitu ambacho hakikuwepo.

Kulikuwa na kihakiki, programu ya kukagua mafaili kabla hayajatumwa. Nacho kiliamini kwamba majibu ni 21, kwa hiyo kikalipitisha faili. Mkaguzi aliyekaririshwa kosa lilelile la anayekaguliwa hawezi kulikamata. Kama faili hilo lingewekwa kwanza kwenye kompyuta kumi za Windows ndani ya ofisi yao wenyewe, lingeziangusha palepale, kila mtu akaona. Sijapata hoja yoyote ya kutetea kuacha hatua hiyo.

Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake hufungwa na mfumo, na maisha yanaendelea. Falcon haikai pamoja na programu za kawaida. Inafanya kazi ndani ya kerneli, kwenye kiini cha mfumo endeshi, na huko kosa la aina hiyo huisimamisha mashine nzima ili data isiharibike zaidi. Tena draiva yake huamshwa mapema sana mashine inapowaka, kwa sababu mlinzi anatakiwa awe macho kabla mwizi hajaingia. Mpangilio huo una busara yake. Lakini siku hiyo maana yake ilikuwa kwamba mashine inaanguka kabla haijapata nafasi ya kwenda kwenye mtandao kuchukua faili lililorekebishwa. Dawa ilikuwa tayari kwenye seva, mgonjwa alikuwa hawezi kufungua mdomo.

Mashine chache zilishinda mbio hizo. CrowdStrike waliwashauri watu waunganishe waya wa mtandao badala ya kutegemea Wi-Fi, kwa kuwa waya huamka mapema zaidi, kisha wawashe upya na kuwasha upya. Microsoft nayo ilisema baadhi ya wateja wenye seva kwenye wingu la Azure walifanikiwa baada ya kuziwasha hadi mara 15. Nataka nilitetee hilo, kwa sababu watu walilicheka. Kila uwakaji ulikuwa jaribio la kulipata faili jipya sekunde moja kabla ya kuanguka, na mara moja kati ya kumi na tano ingetosha.

Saa ya siku nayo iliamua nani aumie. Ni mashine zilizokuwa zimewashwa na kuunganishwa mtandaoni ndani ya zile dakika 78 ndizo zilizolipokea faili bovu. Sydney ilikuwa mchana wa kazi, saa 8:09, kila meza ina kompyuta iliyowashwa. India ofisi zilikuwa zinafunguliwa. Kwetu, aliyekuwa bado kwenye daladala au matatu saa 2:27, na laptopu yake imelala kwenye begi, aliiwasha baadaye ikachukua faili zima bila yeye kujua lolote. New York ilikuwa usiku wa manane. Kompyuta nyingi za ofisini zilikuwa zimezimwa, lakini za viwanja vya ndege na hospitali hazilali. Ndiyo maana pigo kubwa la Marekani liliangukia huko.

Sasa tuingie kwenye matengenezo yenyewe. Kwa maneno ni mepesi. Baada ya kuanguka mara kadhaa Windows huleta skrini ya urejeshi. Kutoka hapo unaiwasha mashine katika sefu modi, ambako draiva zisizo za lazima haziamshwi. Unafungua folda ya Windows, ndani yake System32, ndani yake drivers, ndani yake CrowdStrike. Unatafuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291 na kuishia na .sys. Unalifuta, unawasha upya, kwisha. Mwenye jicho alitazama kwanza muda ulioandikwa kwenye faili: lenye saa 0409 kwa saa za dunia ndilo bovu, la 0527 na kuendelea ni zima. Mwenye mkono mwepesi angemaliza kwa dakika chache.

Kizuizi kilikuwa njiani. Kompyuta nyingi za kampuni hufungwa kwa BitLocker, ili anayeiba laptopu asisome kilichomo. Mashine iliyofungwa hivyo, ukitaka kuifungua kwa njia ya urejeshi, inadai ufunguo wa tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Kila kundi linagawanyika kwa 11 bila baki, na hesabu hiyo huisaidia mashine kugundua tarakimu iliyokosewa. Mwenye kujua kidogo atashukuru. Lakini mpigie simu mhasibu aliye tawi la mbali, msomee tarakimu 48, naye aziandike kwa kidole kimoja huku foleni ya wateja ikimtazama, kisha rudia kwa mashine 100. Na kulikuwa na ofisi ambazo funguo zao zilihifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zilikuwa bluu. Ilibidi kwanza kuifufua seva yenye funguo, ndipo uanze kuhangaika na zilizobaki.

Kati ya yote niliyosoma kuhusu siku ile, kilichonigusa zaidi ni walichofanya mafundi wa tawi la Australia la kampuni ya uhasibu ya Grant Thornton. Walikuwa na kompyuta zipatazo 100 na orodha ya funguo. Hawakutaka kuwagawia wafanyakazi funguo hizo kwa karatasi au kwa simu, kwa sababu ufunguo ukishatoka hujui utaishia wapi, na kuzichapa zote kwa mkono kungekula siku nzima. Mmoja wao akakumbuka kwamba kile kifaa cha kusomea misimbopau, kama kile cha keshia wa supamaketi, kikichomekwa kwenye kompyuta hujitambulisha kama kibodi. Kinachosomwa kwenye mistari kinaingia kana kwamba kimechapwa kwa vidole, na kibodi hukubaliwa hata kabla mfumo haujawaka. Wakaandika programu ndogo ya kugeuza kila ufunguo kuwa msimbopau kwenye skrini, wakanunua visomeo vya bei ya chini dukani, wakawaita watu walete mashine zao. Unaelekeza taa nyekundu kwenye mistari, mlio mmoja, tarakimu zote 48 zimeingia bila kukosea. Kila kompyuta ilichukua dakika tatu hadi tano.

Naipenda kazi hiyo kwa sababu hawakuanza na kosa la CrowdStrike, ambalo halikuwa mikononi mwao. Waliuliza ni hatua ipi kati ya hatua zote inayokula muda, wakaona si kufuta faili, ni kuchapa. Fundi mzuri anaposhughulikia sasisho lililokwama hupima hivyohivyo: wapi hasa mashine imesimama, na kati yangu na hapo pana nini.

Wakongwe wa kazi hii walilikumbuka jambo la zamani. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la antivairasi ya McAfee liliituhumu svchost.exe, programu halali ya Windows XP isiyokosekana katika uwakaji wa mashine, kuwa kirusi, likaiondoa, na kompyuta zikabaki zikijizima na kujiwasha. Dawa yake pia ilikuwa fundi kwenda mashine kwa mashine. George Kurtz, anayeongoza CrowdStrike, wakati huo alikuwa ofisa mkuu wa teknolojia wa McAfee. Silisemi hilo kumsuta. Ninachokiona ni kwamba miaka 14 ilipita, na programu za ulinzi zikabaki na ruhusa ileile ya kuingia ndani kabisa ya mashine zote kwa pamoja, bila mashine kupewa namna ya kujirudisha.

Safari hii kuna vilivyobadilika. Ndani ya wiki moja CrowdStrike waliongeza kwenye programu yao ukaguzi wa mipaka, ili ikikosa jibu la 21 isinyooshe mkono gizani. Maelekezo sasa yanatoka kwa awamu, kundi dogo kwanza, na mteja anaweza kuchagua lini yamfikie. Microsoft nayo imeweka ndani ya Windows 11 uwezo wa mashine iliyoshindwa kuwaka kuingia mtandaoni ikiwa bado kwenye skrini ya urejeshi, ikaomba tiba na kujitibu. Hilo ndilo lililokosekana Julai 2024, njia ya dawa isiyopita kwa mgonjwa mwenyewe.

Lakini njia hiyo haimfai mtu aliyepoteza ufunguo. Mwaka jana niliitwa kwenye ofisi moja ambako laptopu ya mhasibu iligoma baada ya sasisho la kawaida la programu ya ubao mama, ikadai tarakimu 48. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya baruapepe ya kijana aliyeisanidi mashine, naye alishahama kazi na namba yake ya simu haipatikani. Sasisho lenyewe halikuwa na kosa lolote. Tulikaa siku mbili tukimtafuta mtu. Tulimpata kupitia dada yake, akasoma tarakimu taratibu, nami nikazichapa, kundi kwa kundi, mhasibu amesimama nyuma yangu kimya.

Tangu siku hiyo sipokei mashine ya ofisi bila kuuliza ufunguo wake uko wapi, na sikubali kuambiwa upo. Naizima mbele ya mwenyewe, naiingiza kwenye skrini ya urejeshi, namwomba aulete na auchape yeye kwa mkono wake. Wengine huona nawasumbua. Mwezi uliopita, katika laptopu sita za ofisi moja, wawili walileta ufunguo wa mashine nyingine.