Rula Iliyomo Jichoni

Mwenye kisukari anaweza kusoma gazeti bila shida huku retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeshaanza kuharibika. Hasikii maumivu wala haoni ukungu. Kwa hiyo wapo watu ambao kazi yao ni kuisoma mishipa ya damu ya retina kabla mwenye jicho hajalalamika, nao huisoma kwa utaratibu ambao asiye na subira angeukimbia siku ya kwanza.

Mizizi yake iko Marekani. Mwaka 1968 madaktari walikutana Airlie House, jimboni Virginia, kujadili tiba ya retina iliyoathiriwa na kisukari, na mkutano ule ukazaa mpango wa kuupima ugonjwa kwa picha. Mpango ulirekebishwa baadaye, na usomaji wa picha ukawekewa kituo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, chini ya daktari Matthew Davis. Kila jicho lilipigwa picha katika maeneo 7, na kila eneo mara mbili, kamera ikisogezwa kidogo. Ukizitazama picha hizo mbili kwa pamoja kupitia lenzi maalumu, retina inapata kina: unaona kipi kimelala ndani yake na kipi kimechomoza juu. Ni picha 28 kwa mgonjwa mmoja, na zote husomwa.

Kinachonivutia kwanza ni rula yao. Ukuta wa kapilari ukipoteza seli zinazoushikilia, hututumka na kuwa kivimbe. Ukishindwa kabisa, damu huvuja. Vyote viwili huonekana pichani kama doa jekundu. Sasa doa hili ni lipi? Msomaji hulilinganisha na upana wa vena kubwa pale inapovuka ukingo wa duara la neva ya jicho, yapata mikroni 125. Lililozidi hapo huandikwa kuwa ni damu iliyovuja, isipokuwa liwe la mviringo, lenye kingo laini na kijimwanga katikati. Kipimo chenyewe kimo ndani ya picha, hakuna haja ya kukitafuta kwingine.

Kisha anazifuata vena. Vena yenye afya hupungua upana taratibu kadiri inavyokwenda mbali na duara. Retina ikikosa oksijeni, vena huanza kubana na kutanuka, kubana na kutanuka, mfano wa shanga zilizotungwa. Mabadiliko haya ni rahisi kupitwa, maana hayana rangi ya kuvuta jicho kama damu. Lakini ndiyo yanayowatia wasiwasi waliobobea, kwa kuwa yanasema eneo kubwa la retina lina njaa.

Pagumu zaidi ni kwenye vimishipa vyembamba vilivyojipinda. Vipo vilivyo ndani ya retina yenyewe, na ipo mishipa mipya iliyoota juu yake. Kwa picha moja bapa vinaweza kufanana kabisa. Msomaji hutafuta mahali kimshipa kinapokutana na mshipa mkubwa: mipya hupita juu ya ateri na vena bila kujali, vya ndani kwa kawaida havivuki. Hapo ndipo picha pacha zinapolipa gharama yake, kwa sababu mshipa mpya huonekana umeinuka. Kosa hapa si dogo. Mishipa mipya huvujia ndani ya ute wa jicho na inaweza kuivuta retina ikabanduka, na tiba yake, kama vile leza, haingoji.

Hesabu ya utabiri ni fupi mno ukilinganisha na kazi iliyoitangulia. Gawa retina robo 4. Damu nyingi katika robo zote 4, au vena za shanga katika robo 2, au vimishipa vilivyojipinda waziwazi katika robo 1 tu: lolote kati ya hayo linatosha kuiita hali kali. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1979 na kuandikisha wagonjwa 3,711 ulionyesha kwamba karibu nusu ya macho yaliyofika hapo huota mishipa mipya ndani ya mwaka mmoja. Kwa hali nyepesi ni kama macho 5 katika 100.

Na hiyo “nyingi” ni kiasi gani? Msomaji haachiwi aamue kwa kumbukumbu. Ana picha za mfano mezani, zilezile kwa wasomaji wote, na anajibu kama jicho lililo mbele yake limeufikia mfano au bado. Hata hivyo hawakujiamini kupita kiasi. Katika kufuatilia ugonjwa walizoea kuhesabu mabadiliko ya ngazi 2 au zaidi za ukali wake, kwani ngazi moja inaweza kuwa ni tofauti ya msomaji tu. Mimi nawavulia kofia kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Ronald Klein na Barbara Klein, waliofuatilia kwa miaka mingi wenye kisukari wa kusini mwa Wisconsin, waliongeza jambo lingine: walipima upana wa mishipa yenyewe kwa kompyuta, katika ukanda maalumu kuzunguka duara la neva. Vena pana ziliendana na ugonjwa kusonga mbele. Maana yake ile rula nayo inavimba.

Siku hizi programu za kompyuta zinasoma haraka. Ile ya Google ya mwaka 2016 ilifundishwa kwa picha zaidi ya 128,000 zilizosomwa na madaktari 54, kila picha ikipitiwa mara 3 hadi 7, na ilipopimwa, jibu sahihi lilikuwa uamuzi wa walio wengi. Mwaka 2021 ikatangazwa nyingine, inayotazama retina isiyo na dalili yoyote na kukadiria kama ugonjwa utaanza ndani ya miaka 2. Hiyo ilihukumiwa kwa picha zilizopigwa baadaye, na picha hizo nazo zilibidi zisomwe.