Umbo la Chombo na Raha ya Mwendo

Wako wanaodhani kwamba ustadi wa baharini ni mali ya baharia peke yake, na kwamba chombo ni mti uliochongwa tu, usio na kauli. Dhana hiyo haisimami mbele ya mtu aliyetazama kwa makini pwani ya mashariki ya Unguja.

Ngalawa ni gogo lililochimbwa, aghalabu la mwembe, jembamba hata lingepinduka mara moja chini ya tanga. Kwa hiyo hutiwa mirengu huku na huku, na mwisho wa mirengu huwa mbao mbili zilizoinamishwa. Mbao hizo ni nyembamba mno kuwa maboya. Nguvu yao hasa hutoka katika maji yapitayo mbio chini yao. Ngalawa, basi, hutulia kwa kwenda. Upepo ukizidi, baharia hupanda mrengu wa joshini, na hapo ndipo raha yake ilipo.

Huko Paje, wachezao kwa ubao na tiara wamefundishwa somo lile lile. Ndani ya mwamba maji ni mafupi na tulivu. Ubao mfupi wenye ncha mbili zilizo sawa hufaa, kwa maana mchezaji hurudi alikotoka pasipo kuugeuza. Ubao wenye omo na tezi humdai abadili miguu, lakini humlipa kwenye mawimbi. Hawaii nako, ubao mwembamba wa alaia, usio na pezi, uliteleza kiubavu. Mwendeshaji wa ubao mzito aliburura mguu majini ili aupinde. Mwaka 1935 Tom Blake alitia pezi chini ya ubao, na mguu ukawa huru. Mtindo mpya ulizaliwa chini ya maji kabla ya kuonekana juu yake.

Si bure kwamba Waswahili huziita aina za mashairi bahari. Amri Abedi alipotoa sheria za utungaji mwaka 1954, alieleza mirengu ya chombo cha kale: vina na mizani. Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, aliing'oa. Ugomvi uliofuata ulikuwa mkali, na mara nyingi uliuliza swali lisilofaa: je, hili ni shairi au si shairi? Swali lifaalo ni hili: umbo hili linawezesha mwendo gani?

Vina ni mbao za ngalawa. Fikira ikienda mbio, huliinua shairi. Fikira ikisimama, huwa mzigo ubavuni. Naye aliyeng'oa mirengu hakusamehewa sheria ya maji: atafute pezi lake mahali pengine, katika taswira, katika pumzi ya msitari, au katika uzito wa neno, la sivyo atapinduka.

Mwalimu ahesabuye mizani tu amepima ubao nchi kavu. Mwanafunzi apelekwe majini.