Miguu na Daftari: Usawiri wa Jane Goodall katika Filamu za Gombe

Kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kipo kijiji cha wavuvi cha Mwamgongo. Katika kitabu chake In the Shadow of Man (1971), Jane Goodall anasimulia kwamba alipofika mwaka 1960, wenyeji hawakusadiki kuwa msichana angetoka Uingereza kuja kutazama sokwe tu. Alishukiwa kuwa jasusi wa serikali, na ikatakiwa mtoto wa chifu wa Mwamgongo afuatane naye, ili akiona sokwe mmoja asiandike kumi au ishirini. Wanakijiji walitumaini kurejeshewa ardhi ya hifadhi. Idadi iliyotiwa chumvi ingewadhuru. Kwa hiyo walichokihofia ni daftari lake. Makala hii inadai kwamba filamu zilizofuata zilimtukuza kwa sababu nyingine, na kwamba sifa hizo zilificha kipawa chake kuliko ilivyofanya shaka ya Mwamgongo.

Filamu ya kwanza, Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, ilirushwa na televisheni ya CBS nchini Marekani mnamo Desemba 1965. Jina lenyewe lina jambo. Goodall alikuwa ameolewa na mpigapicha wa filamu hiyo, Hugo van Lawick, tangu Machi 1964, lakini jina liliendelea kumwita mwanamwali. “Bi” ya Kiswahili haibebi maana hiyo, kwani hutumika bila kujali ndoa. “Miss” inamweka mhusika mbele ya mtazamaji kama msichana asiye na mume, kabla hajaonekana kama mtafiti. Usimulizi nao ulikabidhiwa sauti ya kiume, ya Orson Welles.

Upweke wa msichana porini ni nguzo ya pili ya usawiri huo. Ukweli ni kwamba wakuu wa serikali ya kikoloni hawakumruhusu kuishi Gombe peke yake. Alifika pamoja na mama yake, Vanne, na mpishi. Aidha, ugunduzi wake mkubwa, kwamba sokwe hutengeneza na kutumia zana kuvulia mchwa, ulifanyika mwishoni mwa 1960, ilhali van Lawick alifika 1962. Kamera haikuwapo. Ugunduzi ulihifadhiwa katika maandishi.

Mulvey (1975) ameonesha jinsi sinema inavyosimamisha mwendo wa kisa ili mwili wa mwanamke utazamwe. Filamu ya Jane (2017) ya Brett Morgen, iliyoundwa kutokana na picha za van Lawick, inathibitisha hoja hiyo: Goodall anapoosha nywele kijitoni, utafiti unasimama na mtazamaji anabaki na mwili. Morgen anastahili sifa kwa kumrejeshea Goodall sauti yake mwenyewe. Hata hivyo, sauti ya mwanasayansi mzee inapita juu ya picha zilizochaguliwa zamani na jicho lililompenda.

Inaweza kupingwa kwamba mvuto huo ulileta fedha za utafiti, na Goodall mwenyewe alikiri baadaye kwamba sura yake ilisaidia, akaikubali faida hiyo. Hoja hii ina uzito, lakini inaeleza namna mtafiti alivyotumia mazingira yasiyo ya haki, haiyahalalishi. Van Lawick naye alijipatia sifa kwa kazi yake, bila miguu yake kujadiliwa magazetini.

Tatizo, basi, halimo katika uzuri wa mhusika bali katika uchaguzi wa picha. Kuwaza hakuonekani, na subira ya saa nyingi mlimani haina msisimko. Filamu ikajaza pengo hilo kwa mwili. Uhakiki wa filamu za wasifu, zikiwemo zinazotengenezwa sasa Afrika Mashariki kuhusu wanawake, unapaswa kuuliza kamera inatazama wapi mhusika anapofanya kazi. Mtoto wa chifu wa Mwamgongo alitumwa na watu waliomshuku mgeni, lakini alitumwa kuangalia kinachoandikwa.